Je, lazima uwe umecheza ligi kubwa ndipo uwe kocha? Jibu kwa msomaji, kupitia safari ya Eddie Howe

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nilikuwa beki wa kati, sikuvuka madaraja ya chini, na goti likanitoa uwanjani nikiwa na miaka 27. Sasa nina leseni ya ukocha ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF), ngazi ya D. Timu iliyonilea inataka niwafundishe vijana wake wa chini ya miaka 17, malipo ni nauli tu. Timu nyingine ya mkoa wa jirani inanitaka niwe kocha msaidizi wa wakubwa, kwa mshahara. Wenzangu wanasema kocha ambaye hakucheza ligi kuu wachezaji hawamsikilizi. Kuna kocha mkubwa aliyeanzia chini kama mimi? Na nichukue kazi ipi?"

Marahaba, kijana wangu. Yupo, na anafanana nawe hata kwa hilo goti. Ni Eddie Howe, Mwingereza aliyeipa Newcastle United Kombe la Ligi mwezi Machi 2025, kombe la kwanza la nyumbani kwa klabu hiyo tangu 1955. Watu wengi wanamjua kuanzia hapo Newcastle. Mimi nataka tuanzie nyuma, kwa sababu swali lako linajibiwa na miaka ile ambayo kamera hazikuwepo.

Howe alizaliwa 1977 Amersham, akakulia Dorset, kusini kabisa mwa Uingereza, na akalelewa na timu ya vijana ya Bournemouth. Wakati huo Bournemouth ilikuwa timu ya madaraja ya chini, uwanja wake mdogo na mfukoni haina kitu. Alicheza mechi yake ya kwanza ya wakubwa Desemba 1995, akiwa beki wa kati. Hakuwa mchezaji wa hovyo: 1998 aliitwa timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 21, akacheza mechi mbili kwenye mashindano ya Toulon. Lakini timu ya taifa ya wakubwa hakuigusa, wala Ligi Kuu ya England hakuicheza hata dakika moja.

Machi 2002 ilionekana mambo yanafunguka. Harry Redknapp, aliyekuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa Portsmouth, alimsajili kwa paundi 400,000. Goti likaumia katika mechi ya kwanza kabisa. Akauguza, akarudi msimu uliofuata, akacheza dakika tisa dhidi ya Nottingham Forest, goti lilelile likamwangusha tena. Alikaa nje karibu mwaka mmoja na nusu. Kwa Portsmouth alicheza mechi mbili tu. Mwaka 2004 Bournemouth walimtaka arudi, fedha hawana, mashabiki wakachangishana paundi 21,000 ndani ya siku chache ili beki wao arejee nyumbani. Akacheza kadiri goti lilivyoruhusu, na 2007 akastaafu. Hakuwa hata ametimiza miaka 30.

Kabla ya kustaafu alikuwa ameshaanza kazi nyingine. Desemba 2006 kocha Kevin Bond alimpa jukumu la kufundisha huku bado anacheza, akashika kikosi cha akiba. Septemba 2008 Bond akafukuzwa na Howe naye akapoteza kazi. Baadaye klabu ilimrudisha chini ya kocha mpya, Jimmy Quinn, na kazi aliyopewa ni ya kufundisha vijana.

Hapo ndipo alipokuwa tarehe 31 Desemba 2008 Quinn alipofukuzwa. Klabu ilikuwa imeanza msimu wa daraja la nne ikiwa imenyang'anywa pointi 17 kwa sababu ya madeni na taratibu za ufilisi. Iko nafasi ya pili kutoka mkiani, na aliyeshuka kutoka daraja la nne anatoka kabisa kwenye mfumo wa ligi za kulipwa. Wakamwita yule kocha wa vijana aishike timu kwa muda. Alikuwa na miaka 31, kocha mdogo kuliko wote katika madaraja yale. Mechi mbili za kwanza, na Darlington kisha Rotherham, akafungwa zote. Bado wakamkabidhi kazi moja kwa moja.

Usajili wake wa kwanza ndio unaojibu maneno ya wenzako. Hakutafuta kijana atakayemwogopa. Alimrudisha Steve Fletcher kutoka Crawley, mshambuliaji mrefu wa miaka 36 aliyewahi kucheza naye timu hiyohiyo, mtu mkubwa kwake kwa miaka mitano. Tarehe 25 Aprili 2009 Bournemouth wanaikaribisha Grimsby, wakishinda wamepona. Grimsby wakatangulia. Liam Feeney akasawazisha, na dakika ya 80 Fletcher akafunga la pili. Timu ikabaki. Yaani mchezaji aliyemzidi kocha wake umri na mechi ndiye aliyemwokoa kocha huyo.

Kwa hiyo wakikwambia wachezaji hawamsikilizi asiyecheza ligi kuu, waambie wachezaji humsikiliza mtu anayewasaidia kucheza vizuri zaidi Jumamosi. Jina kubwa linakununulia wiki chache za ukimya katika chumba cha kubadilishia nguo. Nimefundisha makocha wa kutosha kuona jinsi ukimya huo unavyokwisha. Mchezaji wa kulipwa ana jicho kali sana kwa mwalimu asiyejua anachotaka. Zoezi likisimama mara tatu kwa sababu kocha mwenyewe hajui koni ziende wapi, hakuna medali itakayomrudishia heshima.

Waangalie wenye majina. Wayne Rooney ameichezea England mechi 120. Oktoba 2023 alikabidhiwa Birmingham City ikiwa nafasi ya sita katika daraja la pili. Baada ya mechi 15, akiwa ameshinda mbili tu, aliondolewa timu ikiwa ya 20. Gary Neville, aliyekusanya vikombe na Manchester United, hakumaliza miezi minne Valencia. Nisiwaonee: Steven Gerrard alichukua ubingwa wa Scotland na Rangers mwaka 2021 bila kupoteza mechi ya ligi, na Frank Lampard msimu wake wa kwanza Chelsea alimaliza nafasi ya nne. Ila Gerrard alipokwenda Aston Villa hakufikisha mwaka, na Lampard alifukuzwa Chelsea na Everton pia. Shida yao naiona moja: walipewa kazi kubwa mapema mno. Walifanya makosa ya mwanafunzi wakiwa mbele ya kamera za dunia nzima, na katika klabu ambazo hazina muda wa kumsubiri mtu ajifunze. Howe makosa yake ya mwanzo aliyafanya Darlington na Rotherham, watu elfu chache wakitazama.

Msimu uliofuata baada ya ule wa Grimsby, Bournemouth wakiwa chini ya marufuku ya usajili, alimaliza nafasi ya pili na kupanda daraja. Hapa pana jambo nataka ulishike. Kocha asiyeruhusiwa kununua mchezaji anabaki na njia moja, kumfanya aliye naye awe bora. Howe aliishi hivyo mwanzoni kabisa, na naamini ndipo ilipotengenezwa tabia yake yote ya ukocha.

Januari 2011 akaondoka kwenda Burnley, daraja la pili. Huko hakung'ara: nafasi ya nane, kisha ya 13. Machi 2012 alifiwa na mama yake, na Oktoba mwaka huo aliomba kurudi kusini kwa sababu za kifamilia. Bournemouth walikuwa daraja la tatu, karibu na mkia. Wapo waliosema anarudi nyuma. Msimu huohuo akawapandisha. Miaka miwili baadaye, 2015, wakawa mabingwa wa daraja la pili kwa mabao 98, na klabu ikaingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wachezaji kama Steve Cook, Simon Francis, Charlie Daniels, Marc Pugh na Harry Arter walipanda naye kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Wachezaji walewale! Arter alikuwa ametokea Woking, nje ya ligi za kulipwa.

Fedha zilikuwepo pia, nisikufiche. Tajiri wa Kirusi, Maxim Demin, alikuwa ameingia klabuni, na timu ilitozwa faini kwa kupitisha hasara inayoruhusiwa katika msimu ule wa kupanda. Lakini fedha hizo hazikaribii zile za wapinzani aliokutana nao juu, na uwanja ulikuwa ule wa watu kama 11,000. Alidumu Ligi Kuu misimu mitano, mara moja akamaliza wa tisa.

Sasa nifike kwenye kasoro yake, maana ndiyo inayonifanya nimheshimu. Bournemouth ya Howe ilifungwa sana. Chukua misimu yake mitano ya Ligi Kuu kwa mpangilio: mabao 67, 67, 61, 70, 65. Kila mwaka, zaidi ya 60. Timu ilitandaza soka la kupendeza na mabeki wa pembeni wakipanda kama mawinga, lakini mpira ukipotea katikati ya uwanja nyuma palikuwa wazi. Yeye mwenyewe beki wa kati! Julai 2020 wakashuka kwa pungufu ya pointi moja. Watu wa Bournemouth mpaka leo wanataja siku ambayo mitambo ya mstari wa goli ilishindwa kuona bao la Sheffield United dhidi ya Aston Villa, mechi ikaisha bila bao, na Villa wakabaki kwa pointi hiyohiyo. Ni kweli wana haki ya kuumia. Lakini timu inayofungwa mabao 65 haikushushwa na mtambo.

Howe aliondoka Bournemouth Agosti 2020 na akakaa zaidi ya mwaka bila kazi. Celtic ya Scotland walimtaka 2021, hawakukubaliana. Muda huo alipitia upya kazi yake ya miaka yote, akaenda kutazama makocha wengine wanavyofanya mazoezi, akiwemo Diego Simeone pale Atlético Madrid. Fikiria uchaguzi huo: kocha wa timu inayoshambulia na kufungwa, anakwenda kukaa kwa mwalimu wa kukaba. Alijua alichokosa, akakifuata kilipo.

Novemba 2021 akaichukua Newcastle. Imecheza mechi 11 bila ushindi, ina pointi tano, nafasi ya 19. Mwezi mmoja kabla, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia ulikuwa umenunua klabu. Kuhusu wamiliki hao aliulizwa sana masuala ya haki za binadamu, na majibu yake kwamba anashughulika na mpira yaliwaudhi wengi. Naelewa kwa nini yaliwaudhi. Mechi ya kwanza, 3-3 na Brentford, hakuwepo hata uwanjani, alikuwa amekutwa na korona.

Nataka ukae kidogo na mechi ya tarehe 30 Novemba 2021, Newcastle na Norwich, kwa sababu ni somo la darasani. Dakika ya tisa beki Ciaran Clark anapewa kadi nyekundu. Joelinton, Mbrazili aliyenunuliwa 2019 kwa paundi milioni 40 awe mfungaji na ambaye msimu wake wa kwanza wa ligi alifunga mabao mawili, anashushwa katikati ili kuziba pengo. Mtu aliyekuwa anachekwa kwa kukosa mabao akaanza kunyang'anya mipira, kukimbia eneo lote, kugongana na kila anayepita. Mechi iliisha 1-1. Makocha wengi, wakishapata tena watu 11, wangemrudisha mbele, kwa kuwa karatasi ya usajili inasema mshambuliaji. Howe alimwacha palepale. Mwisho wa msimu Joelinton akawa mchezaji bora wa mwaka wa klabu, na Juni 2023 akaichezea Brazil na kufunga katika mechi yake ya kwanza.

Hapo unaona macho ya kocha aliyepita kwenye marufuku ya usajili. Swali la "ananunua nani?" analifikia mwishoni, baada ya kumwuliza kila aliyepo anaweza kufanya nini.

Ni kweli Januari 2022 alinunuliwa watu: Kieran Trippier, Bruno Guimarães, Chris Wood, Dan Burn. Bila wao sidhani kama wangepona. Newcastle ikamaliza ya 11, timu ya kwanza katika Ligi Kuu kubaki baada ya kucheza mechi 14 za mwanzo bila ushindi. Msimu uliofuata ikawa ya nne, ikaingia Ligi ya Mabingwa baada ya miaka 20. Na ilifungwa mabao mangapi? 33. Hakuna timu iliyofungwa machache zaidi msimu huo, Manchester City walilingana nayo tu. Kocha yuleyule wa 67 na 70. Oktoba 2023 walipoifunga Paris Saint-Germain 4-1, wafungaji walikuwa Almirón, Burn, Longstaff na Schär, watatu kati yao aliwakuta klabuni.

Kisha fainali ya Wembley, 16 Machi 2025, dhidi ya Liverpool. Miaka miwili nyuma alikuwa amepoteza fainali ya kombe hilohilo 2-0 mbele ya Manchester United. Safari hii tazama bao la kwanza, na ukilipata kwenye simu lirudie mara kadhaa. Ni kona, inapigwa na Trippier, muda wa mapumziko unakaribia. Mabeki warefu wa Liverpool wamejazana karibu na goli. Dan Burn, mtu wa karibu mita mbili, hayupo humo. Amesimama mbali, nyuma ya msongamano, na anayemkaba ni Alexis Mac Allister, kiungo mfupi kwake kwa zaidi ya kichwa. Mpira unapelekwa kule mbali, Burn anarudi nyuma hatua chache, anaruka, anapiga kichwa kikali kutoka mbali hadi kona ya pili ya goli. Kona ile ilianzia kwenye uwanja wa mazoezi, kwa mtu aliyekaa na kuuliza: Liverpool wakipanga ulinzi wao hivi, mrefu wetu akisimama pale, nani atabaki naye? Alexander Isak akaongeza la pili baada ya mapumziko, Federico Chiesa akarudisha moja dakika za nyongeza, 2-1.

Howe akawa Mwingereza wa kwanza kuchukua kombe kubwa la nyumbani tangu Kombe la FA la 2008. Aliyelichukua 2008? Harry Redknapp, akiwa na Portsmouth, yule aliyemsajili Howe na goti lake.

Sasa kazi zako mbili. Chukua ya vijana, kwa sharti nitakalokueleza. Ukiwa msaidizi wa wakubwa, katika timu nyingi za ngazi hiyo, utapanga koni, utahesabu mipira, utapigiwa kelele na viongozi, na mazoezi yataendeshwa kwa mawazo ya mtu mwingine. Utakula, ni kweli, na kama una familia inayokutegemea, sitakulaumu ukienda. Lakini utafundisha kidogo sana. Kwa vijana wa miaka 17 utapanga zoezi Jumatatu, utaliona likiharibika Jumanne, utalirekebisha Jumatano, na hakuna atakayekufukuza. Tena ni klabu iliyokulea: wanakujua, wana subira nawe, na timu ya wakubwa ikipata mtikisiko wewe uko jirani. Howe aliitwa kwa sababu alikuwepo.

Sharti lenyewe: usiende huko kungoja. Nunua daftari la kurasa nyingi. Kabla ya kila zoezi andika unataka kitu gani kionekane, kimoja tu. Baada ya zoezi andika kilionekana au la, na mchezaji gani alikwama. Mtu mmoja apige video ya mechi kwa simu akiwa amepanda juu ya kitu, hata kama ni tanki la maji, ili uone mstari wa mabeki wote wanne. Wewe ulikuwa beki wa kati, kwa hiyo utavutwa kufundisha unachokijua. Pambana na hilo mapema: tafuta kocha wa mkoani kwako anayesifika kwa ushambuliaji, mwombe ukae pembeni ya mazoezi yake. Na kila mchezaji uliyemkuta namba fulani, mjaribu angalau mara moja namba nyingine kabla hujaamua hafai.

Kuhusu nauli, zungumza nao. Badala ya mshahara waombe wakulipie ada ya kozi ya CAF C, ngazi inayofuata, itakapotangazwa, na uwanja uupate siku tatu kwa wiki kwa saa maalumu, si pale wakubwa wanapomaliza na giza linaingia. Wakikubali hayo mawili kwa maandishi, anza nao. Wakikataa yote mawili, nenda mkoa wa jirani, ila jioni tafuta watoto wa mtaa wowote uwafundishe.